Gauni Lililofumuliwa Mara Tatu

Mama Shoto hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja, naye akalipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye vyeti. Ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye sauti inayovuka barabara bila yeye kuinuka kitini. Duka lake ni chumba kimoja: cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia, kioo kilichopasuka kona, na kamba ya nguo zinazosubiri wenyewe. Ukiingia mara ya kwanza utahisi kuna kitu hakijakaa sawa, na hutajua ni nini mpaka ukae kidogo. Ni kwamba kila kitu kiko upande usiouzoea. Pasi iko kushoto, sindano ziko kushoto, chaki iko kushoto, na mkasi mkubwa wa kukatia, mtu mwingine akiushika, hutafuna kitambaa badala ya kukikata.

Mkasi huo aliurithi kwa baba yake, ambaye alikuwa fundi na alikuwa mashoto. Babu yake vilevile, fundi na mashoto. Wanafunzi waliokuja kujifunza kazi kwake walilalamika wiki ya kwanza, na wote walijibiwa neno lilelile: "Hapa kwangu waliopinda ni nyinyi."

Katika maisha yake alizaa mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo akatoka wa mkono wa kulia. Mama Shoto alimsamehe, ila hakusahau. "Huyu ni wa baba yake," alikuwa akisema mbele za watu, na binti mwenyewe akiwa pale pale anakunja nguo. "Mimi nilibeba tu." Binti alikua, akawa karani wa shule, akaolewa na fundi bomba, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, ambaye Mama Shoto alimpenda siku alipomzibia mfereji uliokuwa ukivuja nyuma ya duka bila kuombwa.

Wakapata mtoto wa kike. Alizaliwa mdogo, wa mviringo, macho meusi yanang'aa, na bibi yake akamtazama mara moja akasema, "Kifungo." Basi ikawa Kifungo.

Binti aliporudi kazini, Kifungo alishinda dukani kwa bibi, ndani ya kapu kubwa la nguo lililotandikwa mabaki ya flaneli. Alikuwa mtoto mzuri wa kulea. Alilala cherehani ikinguruma, akaamka ikinyamaza. Na alipofika miezi sita akaanza kunyoosha mkono kuchukua vitu, na mkono alionyoosha ulikuwa wa kushoto.

Hapo ndugu zangu, mngemwona Mama Shoto. Alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipofiwa na mume, akamfuata binti yake shuleni mpaka ofisini, mtoto kiunoni.

"Hebu mpe kalamu."

"Mama, niko kazini."

"Mpe kalamu, nakwambia."

Binti akampa mtoto kalamu. Mkono wa kushoto ukatoka kama ulikuwa unasubiri. Mama Shoto alimtazama binti yake, akageuka, akarudi kufungua duka.

Tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia alifanyiwa onyesho. Kibonge cha uzi mwekundu kiliwekwa mbele ya Kifungo, katikati kabisa ili mtu asiseme kuna upendeleo, na mkono wa kushoto ukakidaka. "Mnaona? Hakufundishwa na mtu. Iko kwenye damu." Wengine walipiga makofi. Mzee mmoja aliyekuja kupunguziwa suruali alisema mtoto huyo atakuwa fundi kumzidi bibi yake, akapunguziwa suruali siku hiyo hiyo.

Hivyo ndivyo miezi mitatu ilivyopita.

Ulipoingia msimu wa baridi Mama Shoto akaamua kumshonea mjukuu gauni la mikono mirefu. Alichagua kitambaa cha njano chenye maua madogo, akampima, akakata, akashona kabla ya chakula cha mchana. Alipomvisha, mkono wa kushoto uliingia vizuri. Wa kulia ukagoma. Kiwiko hakikunyooka, ngumi ikanasa kwenye kwapa la gauni, mtoto akaanza kulia.

"Nimebana," alijisemea. Akafumua mkono wa kulia, akaongeza nafasi, akashona upya. Ukagoma. Akafumua tena, akaupanua mpaka ukawa mpana kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole viwili. Ukagoma vilevile. Mara ya tatu alikuwa amekasirika kweli, maana miaka thelathini na mitano ya kushona hakuna nguo iliyomshinda, sembuse ya mtoto wa miezi tisa. Akaulaumu uzi, akakilaumu kitambaa, akamlaumu muuza kitambaa. Mkono wenyewe hakuufikiria hata kidogo. Fundi akiona nguo haiingii mwilini, hutafuta kosa kwenye nguo. Ndiyo kazi yake.

Alikuwa katikati ya ufumuaji huo wa tatu alipoingia Sista, muuguzi wa kliniki ya watoto, kuchukua sare zake mbili. Sista ni mwanamke asiye na maneno mengi, mwenye tabia ya kusimama akiwa ameegemea mlango kana kwamba anaondoka sasa hivi. Akasimama hapo, akatazama.

"Mama, hilo kwapa halina kosa."

"Lina kosa. Mkono hauingii."

"Naomba mtoto."

Akampakata Kifungo, akakaa naye kwenye kiti cha wateja. Akaushika mkono wa kushoto wa mtoto ndani ya kiganja chake, taratibu tu, kama mtu anayesalimiana, kisha akachukua kile kibonge cha uzi mwekundu akakiweka upande wa kulia. Kifungo alikiona. Alikitaka. Akauvuta mkono wa kushoto, ukakataa kutoka. Akageuza kiwiliwili chote, akatanguliza mdomo. Mkono wa kulia ulipanda mpaka begani ukabaki hapo, umekunjwa ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani. Mwisho akalia.

Sista akamwachia, akampa uzi wake.

"Mtoto wa miezi tisa hachagui mkono, Mama. Hutumia yote miwili, wowote ulio karibu. Kuchagua huja baadaye sana."

"Sisi ni mashoto. Baba yangu, babu yangu."

"Najua. Kila mtu anajua."

"Sasa je?"

"Mashoto hupenda wa kushoto. Lakini wa kulia pia unafanya kazi. Wewe unashika kitambaa na nini unapokata?"

Mama Shoto akautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umeshika gauni la njano.

"Mpelekeni hospitali wiki hii," Sista akasema. "Nitawaandikia. Msingoje mwezi uishe." Akachukua sare zake akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka hilo, Mama Shoto hakumwuliza mteja kama nguo imemkaa.

*

Daktari wa watoto alikuwa kijana mrefu, na kabla ya kuona uso wake Mama Shoto alikuwa ameshaona suruali, ambayo pindo lake lilipandishwa na mtu asiyejua kazi. Waliingia wanne: bibi, binti, fundi bomba na Kifungo. Daktari alimchezesha mtoto kwa muda mrefu, akamkunja na kumkunjua, akaagiza picha ya kichwa. Picha ilipopatikana, siku mbili baadaye, akawaita tena, akaitundika kwenye taa.

"Hapa," akasema, akaonyesha sehemu ndogo nyeusi upande wa kushoto. "Sehemu hii ndiyo inayouamuru mkono wa kulia. Mshipa wa damu uliokuwa ukiilisha uliziba. Mtoto alipata kiharusi."

Binti ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Kiharusi ni cha wazee."

"Watu wengi wanadhani hivyo. Watoto pia hupata, hata wachanga. Huyu hakukipata juzi. Hili ni kovu la zamani. Alikipata siku zile za kuzaliwa, kabla kidogo au baada kidogo. Nyinyi msingeweza kukiona. Mtoto mchanga hatembei wala hasemi, kwa hiyo hakuna kinachoonekana kupotea, mpaka afike wakati wa kutumia mkono."

Mama Shoto alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. "Mimi nilikuwa nawaonyesha watu," akasema.

"Ulikuwa unawaonyesha nini, Mama?"

"Huo mkono. Jinsi anavyotumia wa kushoto tu. Nilikuwa nawaonyesha wateja. Wakawa wanapiga makofi."

Daktari hakucheka. Akavuta kiti akakaa, magoti yake yakawa karibu na ya bibi.

"Sikiliza. Kiharusi kilikuwa kimeshapita wewe ukiwa bado hujamwona anashika kitu. Makofi hayakukileta. Kuna mazoezi tumechelewa kidogo kuyaanza, basi, na tunayaanza wiki hii. Ubongo wa mtoto ni mwepesi. Sehemu nyingine hujifunza kazi ya iliyoumia. Huo mkono hautakuwa sawa kabisa na mwenzake, sitaki kukudanganya, lakini utafanya kazi."

Fundi bomba, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu waingie, akakohoa. "Daktari. Bomba likiziba, kwanza nauliza: ni takataka iliyoingia, au ni maji yenyewe yana chumvi? Maana kama ni maji, nikizibua leo, kesho litaziba tena."

Daktari akamtazama kwa namna ya mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi. "Ndilo swali lenyewe. Moyo wake tumeupima, ni mzima. Mishipa ni mizima. Kwa hiyo sasa naangalia maji. Kuna damu inayoganda haraka kuliko kawaida, na mtu huzaliwa nayo, anairithi. Kwenye ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kuganda damu? Mguu kuvimba ghafla? Mtu kufa ghafla akiwa kijana?"

Fundi bomba akatikisa kichwa. Binti akamgeukia mama yake. Mama Shoto alikuwa anatazama mguu wake wa kulia.

"Nilipomzaa huyu," akasema, "mguu ulivimba kama gogo. Nikalazwa wiki tatu. Lakini huo ni mguu wa kukanyagia cherehani, daktari. Nilirudi kazini mapema, nikakanyaga mno. Kila mtu aliniambia ni cherehani."

"Nani alikwambia?"

Akafikiri. "Mimi mwenyewe."

"Na wengine?"

"Dada yangu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alibanwa pumzi siku mbili, ya tatu hakuamka. Yeye hakuwa fundi."

Daktari akaweka kalamu mezani. Akawaeleza polepole, na alipoona wamepotea akarudia. Mwilini mna protini moja inayozuia damu isigande ovyo. Maagizo ya kuitengeneza kila mtu anayapata mara mbili, nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba. Nakala moja ikiwa na kasoro, mwili hutumia ile nzuri, na mara nyingi mtu huishi mpaka uzee, akihitaji kuwa mwangalifu nyakati fulani tu, kama uzazi au upasuaji. Zote mbili zikiwa na kasoro, hapo mambo ni mazito.

"Mazito vipi?" binti akauliza.

"Damu inaweza kuganda tena. Kichwani, machoni, popote. Atahitaji dawa maisha yake yote, na tutaishi kwa wasiwasi. Damu ya Kifungo mwenyewe haiwezi kutujibu sasa hivi, maana watoto wote wa umri wake protini hiyo iko chini kidogo. Nahitaji damu zenu. Bibi, mama, na baba. Hasa baba."

Kwa hiyo jambo likawa hivi, na likabaki hivi kwa wiki zilizofuata: kama kasoro imetoka upande mmoja, Kifungo atakuwa salama maisha yake yote. Kama imetoka pande zote mbili, kiharusi kile kilikuwa cha kwanza tu.

*

Damu zao zilipelekwa kupimwa mbali, na majibu yalichukua muda kurudi. Wakati wakisubiri, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akawafundisha kazi. Saa moja kila asubuhi, mkono mzuri wa Kifungo ufungwe kwenye mfuko laini usitumike, ili ule mvivu ulazimike kujaribu. Mama Shoto akaushona mfuko huo yeye mwenyewe, kwa flaneli, na kamba ya kufunga isiyochubua. Alishona mitatu, mmoja wa kuvaa, mmoja wa kufua na mmoja wa akiba. Kazi nzuri, pindo ndani na nje. Na kila asubuhi saa tatu aliuvisha mkono wa kushoto wa mjukuu wake, ule ule aliokuwa akiutangaza, akaufunga, akakaa sakafuni mbele yake na vibonge vya uzi.

Siku za kwanza Kifungo alilia mpaka majirani wakaja. Mama Shoto naye alilia, ila aliendelea kumwekea uzi upande wa kulia. "Tuchukiane asubuhi," alimwambia, "mchana tutapatana."

Majibu mawili yakarudi kwanza. Ya Mama Shoto: protini ile iko nusu. Ya binti: iko nusu. Hakuna aliyeshangaa. Binti alikuja dukani na karatasi, akasema, "Kumbe kuna kitu nilirithi kwako," na mama yake akacheka bila kutaka.

Jibu la fundi bomba likachelewa. Siku ya Ijumaa akapigiwa simu akiwa chini ya sinki la mtu. Sauti ya mwanamke wa maabara, yenye haraka, ikamwambia sampuli yake imekataliwa, damu iliganda, afike Jumatatu kutoa nyingine. Simu ikakatika.

Iliganda.

Alitoka chini ya sinki, akamwambia mwenye nyumba atarudi, akatembea mpaka dukani na spana mkononi. Mama Shoto alipomwona mlangoni alijua.

"Imeganda," kijana akasema. "Damu yangu. Wameitoa tu, ikaganda."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Kwenye chupa."

Sasa, msiwacheke. Watu hawa kwa mwezi mzima walikuwa wameambiwa kuhusu damu inayoganda haraka kuliko inavyopaswa. Kisha wakaambiwa damu ya baba imeganda kabla hata haijapimwa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza. Jumatatu fundi bomba alikwenda, akanyoosha mkono, akatazama pembeni, akatolewa damu, akaondoka. Baadaye alikiri kwamba aliogopa kumwuliza yule wa maabara, kwa kuwa angeweza kujibu ndiyo.

Habari zikamfikia mama yake. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, na kila mtu, hata Mama Shoto, alimwita Mwalimu. Alikuja na mkoba wake, akakaa kwenye kiti cha wateja, mgongo umenyooka.

"Kwetu hakuna hicho kitu," akasema.

"Hakuna aliyesema kipo, mkwe mwenzangu," Mama Shoto akajibu.

"Mwanangu amenipigia simu analia. Mtu mzima. Sisi kwetu watu hufa wazee, kwa uzee. Bibi yangu alikufa akiwa anapalilia, na alikuwa ametimiza miaka tisini."

"Basi kwa nini damu iliganda?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi sijui," akasema hatimaye, na sauti ikabadilika. "Dada Shoto, mimi sijui. Nimekuja kwa sababu nyumbani siwezi kukaa."

"Kaa hapa," Mama Shoto akamwambia. "Shika huu uzi, mwekee upande wa kulia."

Basi Mwalimu akawa anakuja kila asubuhi. Siku nane walisubiri. Katika siku hizo Mama Shoto alikata suruali ya mteja ikatoka na miguu miwili ya kushoto, jambo ambalo halijawahi kutokea, na akalazimika kununua kitambaa kingine bila kumweleza mtu. Walikuwa wakimwangalia Kifungo kila alipopepesa macho. Akipiga chafya, cherehani zilisimama. Akilala zaidi ya kawaida, mmoja alikwenda kumgusa shavu, mwingine akajifanya haoni, kisha akaenda kugusa yeye pia.

Siku ya sita, mfuko ukiwa mkononi mwa Kifungo, Mama Shoto aliinama kuokota sindano sakafuni. Tepu ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. Akahisi shingo inavutwa. Akadhani imenasa kwenye kapu, akajaribu kuinasua, ikavutwa tena.

"Usisogee," Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani. "Usisogee hata kidogo."

Kifungo alikuwa ameshika ncha ya tepu kwa mkono wa kulia. Gumba lilikuwa limetoka nje. Alikuwa ameishika vibaya, kwa vidole viwili na nusu, akaivuta, akaipeleka mdomoni. Ikamchukua muda, ikamponyoka kabla ya kufika, akaitafuta tena.

Mama Shoto alikaa ameinama hivyo mpaka mgongo ukauma. Mwalimu akatoa leso. "Kama itatokea tena kichwani," Mama Shoto akasema sakafuni pale, bila kuinua uso, "hii yote itafutika. Si ndiyo?"

"Tungoje majibu," Mwalimu akasema.

*

Waliitwa siku ya tisa, saa tano asubuhi. Safari hii walikuwa watano, na Mwalimu akabaki amesimama kwa kuwa viti havikutosha na yeye hakutaka kupewa cha mtu. Daktari alikuwa na bahasha. Kabla ya kuifungua akamtazama fundi bomba.

"Mbona umekonda hivi?"

"Damu yangu iliganda," kijana akasema.

"Nani kasema?"

"Maabara. Walisema imekataliwa, iliganda."

Daktari akaelewa. Uso wake ukaonyesha kwanza kushangaa, halafu haya. "Samahani sana. Hilo lilipaswa kuelezwa. Damu ya mtu yeyote ikitoka nje ya mwili inaganda, hata yangu. Ndiyo maana kile kichupa huwekwa dawa, na anayetoa damu lazima akipinduepindue ichanganyike. Yule hakukipindua vizuri. Kosa la mkono wake, si la damu yako."

"Siku nane," binti akasema, akimtazama mumewe. "Hukuuliza?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

"Fungua bahasha, daktari," Mama Shoto akasema. "Hawa watagombana nyumbani."

Akaifungua. Akasoma, ingawa ilionekana alikuwa ameshaisoma. "Baba yuko kamili. Protini iko juu hata kuliko inavyohitajika. Upande wake hauna kitu. Kifungo ana nakala moja mbaya na moja nzuri, kama mama yake, kama wewe bibi. Kwa watoto waliopata kiharusi wakati wa kuzaliwa, wakiwa na nakala moja tu mbaya, ni nadra sana kiharusi kurudi. Hahitaji dawa. Anahitaji mazoezi, na maji ya kutosha akiharisha au akipata homa, na kila daktari atakayemwona maishani aambiwe. Akikua, akifikia uzazi, aambiwe tena. Basi."

Fundi bomba alijaribu kukaa, akasahau kwamba tayari amekaa, akashuka mpaka sakafuni, akabaki huko na mgongo ukutani. Hakuna aliyemwinua.

"Ngoja nielewe," Mama Shoto akasema. "Kasoro yote imetoka kwangu."

"Upande wako, ndiyo."

"Peke yangu. Huyu kijana hamo, na Mwalimu hamo."

"Peke yako, Mama."

"Asante," akasema. "Asante sana, daktari. Mungu akubariki." Akamshika mkono kwa mikono yote miwili akautikisa, naye daktari, ambaye alikuwa amewapa watu habari za kila aina katika chumba kile, hakuwahi kushukuriwa kwa habari hiyo.

Mwalimu alikuwa bado amesimama pembeni ya mlango. Midomo yake ilikuwa imebanwa, na wote waliona jinsi alivyokuwa akipigana nayo. Alipigana kwa muda wa kutosha, hilo lazima tulikubali.

"Nilisema," akasema. "Kwetu hakuna hicho kitu."

Binti ndiye aliyeanza kucheka, kisha fundi bomba kule sakafuni, kisha Mama Shoto kwa ile sauti yake, mpaka muuguzi wa chumba cha pili akachungulia kuona kuna nini. Kifungo akawatazama mmoja mmoja, akacheka na yeye, kwa kuwa kila mtu anacheka.

Walipokuwa wanainuka daktari akamzuia bibi. "Na wewe, je? Mguu wako uliganda miaka zaidi ya thelathini iliyopita na hujawahi kuonekana na mtu. Unakaa kwenye kiti siku nzima. Kuna kliniki ya damu ya watu wazima, ghorofa ya chini, iko wazi mpaka saa nane. Nimekuandikia."

Mama Shoto akaichukua karatasi. Kwa kawaida karatasi za namna hiyo aliziweka chini ya mguu wa meza uliopungua.

"Mama, si lazima leo," binti akamwambia kwenye ngazi. "Umechoka. Una kazi za watu."

"Wavae walizo nazo."

"Nikusubiri?"

"Nendeni mkamlaze mtoto. Mwalimu, nawe nenda, ukawaambie majirani kwamba kwenu hakuna."

"Nitakaa," Mwalimu akasema. "Hawa wa chini wanakuwa na foleni ndefu. Utahitaji mtu wa kuzungumza naye."

Chini palikuwa na mabenchi matatu yaliyojaa, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mama Shoto akasimama mbele ya watu wale, karatasi mkononi, akauliza kwa sauti iliyowafanya wote wageuke: "Nani wa mwisho hapa?"

Mzee mmoja akainua kidole. Wakaenda wakakaa nyuma yake.